Kamasi ni Kamasi

Mke wangu aliugua nimonia mara kumi na moja katika miaka mitatu, na hakuna daktari aliyejua kwa nini. Zile mbili za mwanzo tuliziita bahati mbaya. Ilipokuja ya tatu, watu wakaanza kutushauri. Dada yangu alisema ni husuda ya jirani. Jirani alisema tumchunguze vizuri dada yangu. Mimi niliwaambia wote wafunge midomo, na kwa kuwa mimi ni kinyozi na wembe hauniishi mkononi, watu hunisikiliza kidogo.

Hospitali walimpima kila kitu kinachopimika. Walitafuta kifua kikuu kwenye makohozi, hawakukiona. Damu walimtoa mpaka akawauliza kama wanafungua duka. Picha za kifua zilijaa bahasha nzima, nikawa natembea nayo kwapani kutoka kliniki hii hadi ile. Mwisho tukafika kwa bingwa wa mapafu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, akazipanga picha penye taa ukutani na kuzitazama muda mrefu.

"Mama, vipimo vyako vyote ni vizuri," akasema.

"Vipimo vizima, mimi mgonjwa," mke wangu akamjibu. "Heri ningezaliwa kipimo."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Akanionyesha sehemu ya chini ya pafu la kulia, weupe uliotapakaa kama chokaa iliyopakwa kwa haraka. Yale ni makovu, akasema. Kila nimonia imeacha lake, na penye kovu hewa haipiti. Chanzo hakijui, na alikiri hivyo bila kuzunguka, nikamheshimu.

"Ninachojua ni kimoja. Kila mara inaanza na mafua ya kawaida. Wewe mzee ukipata mafua, ni leso mbili na chai. Yeye akipata, ni kitanda hapa. Na sijui hicho kifua kitahimili mangapi tena. Mkingeni na mafua."

Basi nikamkinga, na mimi nikishika jambo silishiki kwa vidole viwili. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, watoto hamsini na tatu, kila mmoja na pua yake. Nikamwachisha kazi. Alilia siku mbili, nikamwacha alie. Nyumbani nikaweka sheria: mwenye mafua, kikohozi au hata sauti ya kukwaruza asivuke mlango. Atakaa kibarazani, atasalimia kupitia dirishani, atakwenda zake. Wifi yake nilimrudisha. Walimu wenzake waliokuja na matunda niliyapokea matunda, wenyewe nikawarudisha. Kule kazini nilivaa barakoa, na mteja akikohoa mlangoni nilimwambia umeme umekatika, huku feni inazunguka juu ya kichwa changu. Mmoja alinipigia chafya nikiwa nimeshamaliza nusu ya kichwa. Ile nusu nyingine niliinyoa kwa mkono ulionyooka, nimerudi nyuma hatua nzima, akatoka na kisogo chenye ngazi. Hakurudi tena.

Nami sikujipendelea. Nikipata mafua, nilikuwa nabeba godoro kwenda sebuleni, chakula chake namwekea mlangoni mwa chumba, tunaongea mlango ukiwa umefungwa. Mwaka jana nililala huko wiki tatu mfululizo. Mke wangu alisema ni kama kuolewa na redio. Akanipa na jina, Askari, na kila aliyeniita hivyo mtaani nilijua amelitoa kwake.

Tuna mtoto mmoja, binti, ameolewa mbali, mabasi mawili kutoka kwetu. Naye ana mtoto mmoja, wa kiume, wa miaka minne. Bibi yake alimwita mume wangu. Mimi nikamwita mume mwenza, na yule bwana mdogo alinitazama kama mtu anayejua nani kati yetu anapendwa zaidi. Jumapili moja walikuja. Niliwaona wanashuka kwenye mvua, binti amemfunika mwanawe kwa mtandio, na mtoto pua inamtiririka.

Nikasimama mlangoni. "Hapiti mtu."

"Baba, ni baridi ya njiani tu. Mtoto hana homa, mguse."

"Kamasi ni kamasi."

"Tumetoka alfajiri, Baba."

"Na jioni mtafika kwenu. Salimieni dirishani."

Walisalimia dirishani. Mtoto alibandika kiganja kwenye kioo, bibi yake naye akabandika chake kwa ndani, na binti yangu akageuka upande ili nisimwone machozi. Nilimwona. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu alinisemesha tu kuniambia kwamba anaomba Mungu ampe nimonia ya kumaliza kabisa, kuliko kuishi kama dirisha la benki. Nilikasirika sana. Nilimwambia nani anamtunza, nani anakesha, nani ameharibu kazi yake kwa ajili yake. Maneno ya mtu mwenye haki. Nilikuwa na haki, na niliipenda.

Wiki mbili baadaye binti akapiga simu: mtoto amepona kabisa, wanakuja Jumapili. Mke wangu akafua mapazia yeye mwenyewe, ingawa kila pazia lilimkalisha chini kupumzika.

Ijumaa ya wiki ile nilimnyoa dereva wa lori. Barakoa nilikuwa nimeishusha kidevuni ninywe chai, na nilipomfunga kitambaa shingoni akapiga chafya tatu bila kuinua mkono. Nikapandisha barakoa. Nilijua nimechelewa, kama anayefunga banda kuku wakiwa wameshatoka. Jumamosi asubuhi koo likawa linawasha.

Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu ndipo kosa langu lilipo. Sikusahau sheria. Niliikumbuka yote. Nilijua nikisema, natakiwa nibebe godoro, na sebule itakuwa yangu, na wageni wa Jumapili hawatakuwa na pa kukaa ila waambiwe wasije. Na nitakayempigia simu kumwambia asije ni yule yule niliyemrudisha na mvua kichwani. Ningemwambia nini? Kwamba Askari amekamatwa? Aibu ilinishika kabla homa haijanishika. Nikaenda uani, nyuma ya banda langu la kunyolea, nikasukutua koo kwa maji ya chumvi, nikajiambia ni ile poda ninayowapaka wateja shingoni. Miaka ishirini na sita napaka poda ile na haijawahi kuniwasha koo. Usiku nikalala kitandani kwangu, ubavuni pa mke wangu.

Jumapili walifika. Nilimmulika mtoto puani kwa tochi, kushoto na kulia, nikakuta kukavu.

"Mume mwenza, pita. Umeshinda kesi."

Hicho kicheko cha mke wangu siku ile sijui nikieleze vipi. Alimpakata mjukuu wake saa nzima, akamfundisha kuandika herufi ya kwanza kwenye vumbi la poda niliyomwaga juu ya trei. Binti yangu alikuja akanibusu mkono, akasema, "Ahsante, Baba, najua unamlinda." Mimi nilimbeba mtoto mabegani nikamzungusha chumba kizima, amenishika masikio, uso wake umelala juu ya kichwa changu. Nilikuwa na barakoa mfukoni.

Jumatatu jioni binti akapiga simu, sauti imemwisha. Mtoto ameamka na mafua. Jumanne mke wangu akapata homa, na Jumatano tukamlaza. Hiyo ndiyo ya kumi na moja.

Binti alifika hospitali siku ile ile, akanikuta kwenye korido ya wodi. Hakunisalimia.

"Baba, ni mtoto? Ni mtoto ndiye amemletea?"

Nilikuwa nimevaa barakoa, na chini yake pua yangu mwenyewe inavuja. Ningeweza kuishusha tu, nisiseme neno, angeona. Badala yake hasira zikanipanda, zile zangu za kila siku, zinazonijia haraka kuliko akili.

"Nilikuambia. Nilikurudisha, ukaninunia. Mama yako akaninunia. Haya, umeona sasa?"

Aliegemea ukuta kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Akaingia wodini akakaa na mama yake dakika chache, mbali na kitanda, kisha akaondoka. Siku iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Alikuwa ananiandikia ujumbe: Mama anaendeleaje. Nami namjibu: Vilevile.

Siku ya saba nilifika saa ya kuona wagonjwa, saa kumi jioni. Mpira wa oksijeni ulikuwa puani mwake na kifua kinapanda na kushuka kwa kazi kubwa. Akili ilikuwa imetulia kabisa. Nesi alikuwa ameniambia nje kwamba dawa zimebadilishwa mara mbili, na nisimchoshe.

"Mwanangu haji," mke wangu akasema.

"Ana mtoto mgonjwa."

"Askari."

"Naam."

"Wewe ulikuwa na mafua tangu Jumamosi."

Akapumzika, akavuta hewa mara nne tano, akaendelea. "Nilikusikia usiku. Unameza mate kwa shida. Miaka thelathini nalala na wewe, nisijue unavyomeza?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungehama." Akavuta hewa tena. "Nilichoka kulala peke yangu, mume wangu. Nikasema, potelea mbali, ngoja nilale na mtu."

Nililia. Nililia pale mbele ya wodi nzima, na mama mmoja wa kitanda cha jirani akageuza uso kwa heshima. Nilimwomba radhi, nikamwomba tena, mpaka akanigonga mkononi kwa kidole ninyamaze.

"Mimi na wewe tumelitafuta wenyewe. Watu wazima. Lakini yule mtoto hana kosa, na mama yake anakufa kwa mawazo. Mpigie. Mwambie ukweli, aje nimwone."

"Nitampigia."

"Leo."

"Leo hii."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikipanga maneno. Nilipofika nikaketi kibarazani, simu mkononi, jina lake limeshatokea kwenye kioo. Nikasema ngoja nioge kwanza. Nilipotoka kuoga nikasema ngoja nile, sauti ipate nguvu. Kisha nikasema mambo kama haya hayasemwi kwa simu, kesho nitapanda basi la kwanza nimwambie uso kwa uso, kiume. Nikajisikia vizuri kabisa kwa uamuzi huo, hata nikapata usingizi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nafunga viatu niende stendi, nesi akapiga simu.

Wenye hekima husema majuto ni mjukuu. Mimi wangu aliletwa mchana ule, ameshikwa mkono na mama yake. Nyumba ilikuwa imejaa. Watu waliingia na kutoka, wanakohoa, wanapenga, wanapiga chafya wanavyotaka, mlango uko wazi na hakuna wa kuwazuia. Dada yangu alilia kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia marehemu akiwa hai. Binti yangu alipita katikati ya watu bila kulia, akakaa mkekani kwenye kona, mtoto akakaa kando yake. Nikaona kitu. Mtoto alikuwa amevuta kola ya sweta yake ikaziba mdomo na pua, ameishikilia kwa mikono miwili. Joto lilikuwa kali, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na hakuiachia.

Dada yangu akamwambia, "Toa sweta, mwanangu, utaungua."

"Mwache, Shangazi," binti yangu akasema taratibu. "Yuko hivyo tangu juzi. Alinisikia nikiongea na baba yake. Akaniuliza kama ni yeye amempulizia bibi."

Miguu yangu ilinipeleka pale kabla sijaamua. Nilipiga magoti mbele yao, goti moja likatua juu ya kanga ya mtu, watu wakadhani naanguka wakanishika mabega. Nikawaambia waniache.

"Ni mimi," nikasema. "Mafua yalikuwa yangu. Niliyapata Ijumaa kazini, nikanyamaza. Mtoto mlimleta mzima, mimi ndiye niliyemwambukiza yeye na bibi yake."

Binti yangu akainua uso.

"Pale korido ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na Mama?"

"Alijua. Jana jioni aliniagiza nikupigie uje. Sikupiga."

Nilitegemea anipige, au apige kelele. Ningeshukuru. Aliinama tu, akafunika uso kwa mtandio, na mabega yakaanza kumtikisika. Hapo nikamgeukia mtoto. Nilimshika mikono yote miwili, ilikuwa imelowa jasho.

"Umesikia, babu? Si wewe. Ni mimi niliyempulizia bibi. Wewe huna kosa. Shusha sweta upumue."

Alinitazama kwa macho yale yaliyobaki nje ya kola, akifikiri. Kisha akautoa mkono wake mmoja kwenye kiganja changu na kujisogeza nyuma, kuelekea kwa mama yake.

"Babu," akasema ndani ya sweta, "basi wewe ndiyo ujizibe."

Nikajiziba mdomo kwa kiganja, mbele ya watu wote.