Katoni Saba za Direkta

Saa tisa alasiri Anastasie alimaliza kugeuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa ufuko wa Baraka, akanawa mikono kwa sabuni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwita binti yake Divine, mwenye miaka mitano. Alifungua kitabu ukurasa wa ishirini na nne, akausoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Kidole kilipopita, maneno yalitoka. Alipofika mwisho ukurasa ulikuwa mweupe, na Divine akalamba midomo.

Ndivyo ilivyo upande huu wa ziwa. Ukimsomea mtoto asiyejua kusoma, maneno humwingia yeye na karatasi hubaki tupu. Mtoto akishajua, anachojisomea, au anachomsomea mkubwa, hubaki mahali pake. Hakuna anayeshangaa. Akina baba huficha kadi zao za kura wakiona mama ana hamu ya kusoma, na fundi cherehani wa jirani amegeuza kalenda yake ikatazama ukuta.

Kitabu hicho Anastasie alirudi nacho kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na hakuwa na kingine. Zilibaki kurasa nane. Divine alizijua herufi zote, akaweza kuunganisha mbili tatu, kisha akakwama. Anastasie aliogopa vibaya, kwa sababu kaka yake Divine, Vainqueur, hakusomewa hata ukurasa mmoja. Wakati ule mama yake alidhani hiyo ni kazi ya shule. Vainqueur alimaliza darasa la sita akinakili ubao bila kujua unasema nini, akaenda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, akapiga kidole gumba kwenye karatasi aliyodhani ni orodha ya chakula. Karatasi ilisema hataondoka shimoni kabla ya miaka mitano. Huu ni mwaka wa pili.

Kesho yake Anastasie alikwenda shuleni. Katika ofisi ya Direkta Bonaventure, mkuu wa shule, kulikuwa na katoni saba za vitabu vya watoto, zawadi ya mradi wa wageni, zilizoshushwa botini mwaka uliopita. Zilikuwa zimezungushiwa utepe wa gundi, na mlango ulikuwa na kufuli.

"Direkta, minakuomba kitabu moja tu ya kusomea mutoto."

"Mama Vainqueur, we unajua vile iko. Ukisomea mutoto, kitabu inabakia nyeupe. Bageni ba projet bakikuya, nitabaonyesha nini? Makaratasi?"

"Lakini ile bitabu bilikuya ju ya batoto."

"Ndiyo. Ni ju ya ile tunabichunga muzuri."

Hakuwa mtu mbaya, Direkta. Alikuwa mtunzaji, na mtunzaji humuwezi.

Kurasa nane ziliisha kwa siku nane. Siku ya tisa Anastasie alimsomea Divine gunia la mchele. Siku ya kumi alimsomea karatasi ya dawa ya malaria, pande zote mbili, na Divine alilala akitaja vipimo. Siku ya kumi na moja alisoma ubavu wa boti iliyovutwa mchangani. Asubuhi yake mwenye boti, Kassimu, alikuja amefura.

"Mama Vainqueur, boti yangu haina jina! Kule port banakatala nisafiri. Unataka batoto yangu balale njaa?"

"Unisamehe, Papa Kassimu. Mi sina tena kitu ya kumusomea."

Kassimu alimtazama Divine, aliyekuwa akichezesha midomo bila sauti. Akaondoka bila kuaga. Siku iliyofuata boti ilikuwa na jina jipya, refu kupita haja ya boti yoyote, limeanza mbele na kuishia kwenye injini. Anastasie alilisoma neno moja tu kwa siku, maana Divine alikuwa anakaribia kujua kusoma na jina lilikuwa linafupika. Lilipobaki neno moja, ilikuja habari kwamba wageni wa mradi wako njiani kutoka Uvira.

Direkta alizipanga katoni uani, juu ya meza yenye kitambaa. Kabla ya hotuba alimfuata Anastasie.

"Ufunge kinywa. Hata neno moja usisome hapa."

Anastasie alifunga kinywa. Alimshika Divine mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Wageni waliimbiwa, wakapewa soda, kisha mmoja akauliza kama kuna mtoto anayeweza kuwasomea chochote. Watoto wote walirudi nyuma hatua moja. Divine akajichomoa, akaenda mezani, akaweka kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa katoni ya kwanza.

"Vi-ta-bu vya wa-to-to," aliwasomea wageni. "Vi-so-mwe ki-la si-ku."

Direkta aliikodolea macho karatasi ile akingoja iwe nyeupe. Maneno hayakutoka. Yalibaki pale pale, meusi, na Anastasie akalia mbele za watu bila kujifuta.

Wageni walipiga picha, wakapanda jeep. Kabla ya saa nane katoni saba zilikuwa ndani na kufuli mlangoni. Anastasie aliomba tena kitabu kimoja.

"Mutoto yako sasa anajua kusoma," alisema Direkta, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Kitabu atafanyia nini?"

Kesho yake saa tisa Divine alikwenda nyuma ya ofisi, penye dirisha la wavu, pamoja na watoto kumi na wanne wa mtaa ambao hawajui kusoma. Aliwasomea karatasi ya katoni ya kwanza, kisha ya pili, mpaka ya saba. Asubuhi Direkta alikuta zote nyeupe. Akaogopa mtu asije akazifungua kwa kutojua, akachukua kalamu nene ya wino na kuandika juu ya kila katoni: USIGUSE. Alasiri watoto walirudi dirishani, na Divine akawasomea hilo.

Direkta huandika kila asubuhi. Divine husoma kila saa tisa, hakosi siku. Watoto wale hawajapata neno jingine, lakini hilo limewaingia vizuri. Wakipita karibu na shule huweka mikono nyuma.