Ndama wa Kitazamio

Nasema wazi: nilimwonea Kissa wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Mwalimu wa fizikia, kaletwa kutoka Mbeya juzijuzi tu, hata hapa Mogitu hajapazoea, halafu wanafunzi wangu wa kompyuta wananiambia, "Madam Kornelia, tutumie ya Madam Kissa, ni nyepesi." Ya Madam Kissa! Ebo!

Kitazamio ni changu. Kuna dunia humo mtandaoni ambako watu hujenga nyumba, hutembea, hupiga soga, kila mmoja na mwili wake wa picha. Huwezi kuingia bila programu ya kutazamia, ndicho kitazamio, na zilizopo zinataka kompyuta za matajiri. Mimi nikatengeneza ya hizi kompyuta zetu chakavu za shule. Nikaiacha wazi, maandishi yote yanayoiendesha, anayetaka achukue. Watu wa nchi za mbali wakaitumia, wakaniandikia kunisifu. Kila ikifunguka, jina langu linatokea juu. Nililipenda jina lile pale, sitaki kudanganya.

Kissa akachukua nakala, akairekebisha. Kwenye yangu ukiingia unasubiri hadi unasinzia, miti na majani vimebaki kijivu. Yake inachora kwanza kilicho mbele yako, vya mbali baadaye. Mwezi haukwisha, watu wamehamia kwake. Eti mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji kaugua, jamani!

Basi nikaifanya kesi ya ng'ombe. Kwetu Tumati, ukimpa jirani ng'ombe akutunzie, maziwa ni yake, ndama ni wako. Nikamwita Mjomba Sebastiani, aliyesikiliza kesi hizo maisha yake yote, twende tukamdai Kissa ndama wangu. Nakala yake airudishe kwangu, na jina lake litoke.

Tulimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo mzee. Karibu, dada."

Akatuletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Nikajua anataka kutulainisha. Nikamwaga malalamiko yangu yote kabla sijaonja chochote.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi badala ya Kissa. "Siku unampa, ulimwambia nini?"

"Sikumpa yeye, mjomba. Niliwaachia wote."

"Kwa sharti gani?"

"Anayetaka achukue, abadilishe, agawe. Asifute tu jina la aliyeandika."

"Amelifuta?"

Kissa akaleta laptopu, akaifungua mbele yetu. Jina langu lilikuwa pale juu. La kwake lilikuwa chini, kwa herufi ndogo.

"Mpwa wangu," Mjomba akasema, "huyu hukumpa atunze. Ulimpa." Akachukua kiazi.

Mngedhani wivu uliishia hapo. Thubutu! Ndipo ulipopanda. Angelifuta jina langu ningekuwa na la kusema shule nzima. Sasa nilikuwa na nini? Mwizi hayupo, yupo mtu tu aliyenishinda kazi.

"Dada," Kissa akasema taratibu, "nilichoongeza nacho kiko wazi. Kitie kwenye yako, watu watarudi. Hata mimi nitarudi."

Nilijiandaa kwa ugomvi, si kwa kupewa.

Kwenye kioo cha laptopu nyasi zilishatokea, kijani kitupu, kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Tatizo lile la kusubiri lilikuwa limenishinda, nikaamua halina dawa. Ningeweza kuibeba kazi yake nikaondoka zangu, sharti langu mwenyewe linaruhusu. Lakini ningekaa nayo nyumbani bila kujua inavyokwenda, na huku yeye anajua. Hilo nisingeliweza.

Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana.

"Umewezaje?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akanitazama kidogo, akauweka ungo wa maharage pembeni. "Unataka kweli?"

"Nionyeshe," nikasema, roho ikiniuma vilevile.