Ombi Lililozama Mstari wa Nne

Kila asubuhi karani wa zahanati alifuta vumbi mezani kabla ya kuwasha kompyuta. Leo kitambaa kilikuwa bado mkononi nesi alipoingia mbio.

"Mdogo wangu, jokofu la chanjo limezimika tena! Wale watengenezaji wa ng'ambo wamejibu nini?"

Karani alifungua barua pepe. Walishukuru sana kwa salamu, basi.

Barua ya Kiingereza waliyokuwa wametumiwa aliitunga mganga mkuu mwenyewe. Ilikuwa sentensi moja ya mistari saba, na ombi la kipuri cha jokofu lilizama mstari wa nne, katikati ya heshima na pongezi. Karani aliliona hilo siku ile, akaona haya kusema, akaichapa vilevile.

Sasa aliketi, akaandika upya. Sentensi ya shukrani aliiacha ndefu, maana shukrani hazina haraka. Ombi alilitengea sentensi yake peke yake, maneno saba tu.

Mganga mkuu alisoma, akakunja uso. "Binti, hiki ni Kiingereza cha chekechea. Watatuona hatukusoma. Unganisha hapa, na hapa."

"Ile yako, daktari, hata pumzi iliomba likizo," nesi akamtania.

Karani hakucheka. Mkono wake haukubanduka kwenye kibonye cha kutuma.

"Nilipaswa kukwambia siku ile, mzee," alisema. "Sentensi yako ilikuwa ndefu mno, na ombi letu halikuonekana. Hii siiunganishi."