Jua la Kinyala

Kinyala, huku milimani, jua ni mgeni. Likichomoza baada ya mvua ya wiki nzima, kila mwenye kichanga hutoka naye nje. Tupokigwe naye alimlaza mjukuu wake, Ambwene, kwenye mkeka kando ya migomba, uso wazi. Ndivyo alivyowakuza wanawe wote.

Mtoto alikuwa na vipele kuzunguka macho, duara jekundu lililopauka katikati.

"Mapunye," alisema Tupokigwe. Akanunua marhamu mtaa wa Msasani, Tukuyu mjini, kwenye mojawapo ya maduka ya dawa yaliyoota kama uyoga tangu biashara iachiwe huru. Alipaka, akaongeza jua. Duara likazidi wekundu, jingine likatokea utosini.

"Mama, huyu haponi, anaungua," alisema Esnath, mkwewe.

"Kwani wewe umezaa wangapi?"

Esnath alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali, Tukuyu. Tupokigwe akafuata nyuma, akinung'unika.

Daktari Jotham aliitazama ngozi mara moja tu, kisha akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani mwa mtoto. Akakisogeza taratibu, mara huku, mara kule.

"Ugonjwa uko usoni, mwanangu, si kifuani," alisema Tupokigwe.

"Bibi, nyamaza kidogo. Nasikiliza kama moyo unapiga polepole."

Tupokigwe akaketi benchini.

Daktari akamgeukia Esnath. "Vidole vinakuuma asubuhi? Jua linakuchoma uso?"

"Tangu nina mimba. Chai nachuma nimejifunika gubigubi."

Tupokigwe akatazama sakafu. Kwa kujifunika huko alikuwa akimwita malkia wa Kinyala, mvivu asiyetaka kushika kikapu.

"Nashuku lupasi," alisema daktari. "Kinga ya mwili wa mama inaushambulia mwili wenyewe, na sehemu ya kinga hiyo imempitia mtoto tumboni. Kwake itaisha baada ya miezi kadhaa, vipele navyo vitafutika. Ila ikishauharibu moyo, huo hauponi."

"Na huu wake?" aliuliza Tupokigwe.

"Nausikia unapiga vizuri. Lakini sikio halitoshi. Nendeni Mbeya wakampime kwa mashine, na mama apimwe damu. Marhamu acheni. Jua pia, kwa mama na mtoto, maana linauchochea ugonjwa."

Mashine ya Mbeya ilikubaliana na sikio la daktari. Damu ya Esnath nayo ilithibitisha shaka yake, akaanzishiwa dawa.

Siku jua liliporudi, jirani alipita na kichanga chake begani. "Mama, mbona leo mmemfungia mjukuu kama kuku anayeatamia?"

"Jua lenu hilo oteni wenyewe," alisema Tupokigwe. Akachungulia ndani, Esnath alikuwa akinyonyesha gizani. Bibi akachukua kikapu cha chai cha mkwewe, akakitundika mgongoni, akaelekea shambani.