Safu ya Kumi na Nne

Katika miaka miwili ya mwisho ya uhai wake, Mzee Ilyasi alimwomba binti yake kitu kimoja tu, na kitu chenyewe hakikuwa dawa wala safari ya Makka. Alimwomba kompaila.

"Yasmina mwanangu, umeshanitafutia?" Hivyo ndivyo alivyouliza kila Ijumaa akirudi msikitini, kofia bado iko kichwani.

"Baba, lugha hiyo ilikufa zamani. Tutaiandika upya kwa kitu cha kisasa."

"Imekufa kwa nani? Mimi si bado naijua?"

Yasmina alicheka, kicheko kile cha watoto wanaodhani wamewapita wazazi wao. Mwenyewe alikuwa fundi wa programu katika ofisi moja ya vioo kule Nyarutarama, mtaa wa matajiri, na siku nzima watu walimwita kumuuliza mambo. Mzee alivua kofia, akaomba chai. Ijumaa iliyofuata akauliza tena.

Tuelewane mapema, maana asiyeijua kazi hii atasema mzee alikuwa na mchezo wa uzeeni. Kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inazitekeleza. Ukikosa kompaila ya lugha uliyoandikia, maandishi yako utayasoma wewe, lakini mashine itakutolea macho tu. Mzee Ilyasi alisomea Ulaya miaka ya themanini, akarudi na lugha iitwayo Modula-2, na hiyo ndiyo aliyoipenda hadi mwisho, kama watu wengine wanavyopenda timu isiyoshinda.

Kwa lugha hiyo aliandika programu moja ambayo mtaa mzima wa Nyamirambo uliitegemea bila kujua. Makaburi ya msikiti wao hayaandikwi majina. Ni jiwe moja kichwani, basi, tajiri na maskini sawa. Anayejua nani kalala wapi ni daftari. Sasa mwaka wa tisini na saba paa la ofisi ya msikiti lilivuja, daftari likalowa, kurasa zikaanza kushikana. Mzee Ilyasi alilichukua nyumbani, akalikausha ukurasa kwa ukurasa, akalihamishia lote katika kompyuta ya mfumo wa Unix ambayo ofisi yake ilikuwa imeitupa. Tangu hapo kila maiti aliyezikwa alimwandika yeye: jina, safu, namba ya kaburi. Mashine ilipokufa, alikuwa ameshanakili programu na majina yote kwenye flashi, akaifunga ndani ya leso nyeupe. Kilichobaki ni kompaila tu ya kuifufulia programu hiyo kwenye mashine mpya.

Alikufa wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, leso ikiwa chini ya mto. Alizikwa sehemu mpya ya makaburi, kule bondeni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.

Na mwaka huu, mwezi wa tatu, daktari akamrudisha nyumbani mama yake Yasmina, Bi Gahongayire. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba. Daktari alisema maneno mengi ya adabu, lakini maana yake ilikuwa mkae naye.

Jioni ile ile alimwita binti yake akae kitandani.

"Nina haja moja," alisema. "Unizike karibu na Sangwa."

Sangwa alikuwa kaka yake Yasmina, aliyetangulia kuzaliwa. Aliishi miezi minne. Yasmina hakuwahi kuiona hata picha yake.

"Yuko wapi, mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wanawake hatukusindikiza maiti siku zile, na hata leo hatusindikizi. Baba yako alimbeba mikononi, akaondoka na wanaume wenzake, mimi nikabaki na maziwa yananitoka. Aliniambia yuko safu gani, nikaziba masikio, sikutaka kusikia namba. Miaka yote nimesimama getini tu nikimwombea. Mtoto nilimnyonyesha miezi minne, Yasmina. Nataka nimalizie."

Yasmina aliitoa leso kabatini akaifungua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini ya Yasmina hayakungoja kuzaa. Yalikuwa yamekaa pale pale kitandani yakimtazama.

Kesho yake alimweleza Eddie Kalisa, mwenzake wa ofisini, kijana aliyekulia Kampala. Eddie alisoma maandishi ya mzee kwenye skrini, akakuna kidevu.

"Hii kitu iko mzee kuliko mimi," alisema. "Lakini dada, ameandika safi. Tafuta kompaila yake."

Angelimsikiliza! Hapa ndipo ninapomkasirikia Yasmina, ingawa nampenda. Alitafuta siku mbili, akakuta orodha ndefu ya kompaila za Modula-2 za Unix, na kila alipogusa, mlango ulikuwa umefungwa. Moja ilitaka mashine ambazo haziundwi tena. Nyingine kampuni yake ilishavunjika. Ya tatu ilikuwa ya chuo fulani, na ukurasa wenyewe umebaki na anwani ya profesa marehemu. Badala ya kuendelea kupiga hodi, kiburi kikamwingia. Akasema, mimi ni fundi, nitaiandika upya kwa Python, lugha ya siku hizi, wiki moja tu.

Wiki moja ikawa tatu. Majina yalikuwa yamefungwa katika faili kwa mpangilio ulioamuliwa na ile kompaila ya zamani, kila namba na kipimo chake, na Python yake iliyasoma kombo. Ilimletea kaburi namba elfu kumi na mbili katika safu iliyo chini ya sifuri. Ilimletea majina yaliyokatwa katikati, nusu ya mtu huyu imeungana na nusu ya yule. Kila jioni mama yake aliuliza kwa upole, "Bado?" naye akajibu, "Bado kidogo, mama." Baba yake angemwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Alishamwambia, kwa kweli, Ijumaa mia moja.

Katika wiki ya tatu, mvua za Aprili zikiwa zimekolea, simu ililia mchana akiwa kazini. Alikuwa Mzee Hakizimana, katibu wa kamati ya mazishi.

"Binti Ilyasi, tumefiwa. Mukandekezi, yule mama muuza uji wa pale kona. Tunamzika baada ya Alasiri."

"Innalillahi," alisema Yasmina. Mukandekezi alimjua tangu utoto. Aliishi peke yake, na watoto wa mtaa mzima walikunywa uji wake bure.

"Sasa bondeni kumejaa maji, hakuchimbiki. Huku juu, makaburi ya zamani, kuna nafasi moja ukutani, pembeni ya vijikaburi vya watoto. Pako wazi, ila sisi tumezoea kumuuliza baba yako kwanza. Daftari linasemaje?"

Yasmina alitazama skrini. Ilikuwa imejaa makosa mekundu, na mkuu wake alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri kwa mkutano.

"Mzee, daftari bado halijafunguka," alisema. "Maiti haisubiri. Kama mnaona pako wazi, endeleeni tu."

"Haya, binti yangu. Mungu akulipe."

Jioni alipeleka sukari na maziwa msibani kwa niaba ya mama yake, akarudi nyumbani, akasahau.

Ijumaa iliyofuata ndipo aliposalimu amri. Aliandika barua katika jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa lugha za kale, akaeleza yote, mpaka habari ya leso. Asubuhi alikuta jibu la mzee mmoja mstaafu wa mbali huko. Mzee alimwandikia kwamba Modula-2 haijafa, imehamia tu. Siku hizi imo ndani ya mkusanyiko mkubwa wa kompaila za bure, ule ule ambao Yasmina alikuwa nao kwenye mashine yake ya Linux kila siku. Ilibidi tu kuongeza kifurushi kimoja. Lugha hiyo ina lahaja, akasema, kwa hiyo iambie kompaila isome kwa lahaja ya toleo la pili la kitabu chake. Na namba za baba yako zitakuwa fupi kuliko za leo. Zibadilishe ziwe na upana ule wa zamani. Mwisho akaandika: nisalimie kaburi la mwenzangu.

Kazi yote hiyo ilichukua Jumamosi moja asubuhi. Asubuhi moja! Yasmina alikaa mezani, mlango wa chumba cha mama yake uko wazi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Akaiamuru kompaila. Hapakuwa na kosa hata moja. Baba yake alikuwa ameandika safi.

Programu ikaamka na maneno ya Kiswahili, kama mzee alivyoyaweka: *Assalamu alaykum. Daftari la waliotutangulia. Andika jina.*

Yasmina akaandika jina la kaka yake.

*Sangwa mwana wa Ilyasi. Miezi 4. Safu 14, kaburi 9. Upande mmoja ukuta.*

Machozi yalimtoka kwa furaha, akataka kumwita mama yake. Lakini chini ya mstari huo palikuwa na mwingine, wa kaburi linalofuata, na mahali pa jina hapakuwa na jina.

*Safu 14, kaburi 10. Nafasi ya mama yake. Isichimbwe.*

Alirudia kuisoma. Kisha akakumbuka simu. Ukutani, pembeni ya vijikaburi vya watoto, pako wazi, endeleeni tu.

Hakumwambia mtu. Alijifunga mtandio, akapanda mlima kwa miguu mpaka makaburini, akaingia getini ambako mama yake alikuwa akisimama. Mzee Hakizimana alikuwepo, anaondoa majani. Alimhesabia safu kwa fimbo, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na nne. Ukutani kulikuwa na kijiwe kidogo chenye ukungu. Pembeni yake, udongo mwekundu mpya, bado una alama za sururu.

"Huyu ni Mukandekezi," alisema Hakizimana. Halafu akaiona sura ya Yasmina. "Kuna nini, binti yangu?"

"Kulikuwa na mwenyewe," alisema Yasmina, na akakaa chini kwenye matope na nguo zake za Jumamosi.

Mzee Hakizimana alipoelezwa alishika kichwa. Wangefanyaje? Maiti akishazikwa hafukuliwi kwa sababu ya hamu ya mtu. Na baba yake Yasmina, aliyeilinda nafasi ile kwa miaka yote, hakujiwekea yeye mwenyewe. Ilikuwa moja tu, akampa mke wake.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa ameegemea mito, kikombe cha chai mkononi, anayatazama matope kwenye nguo za binti yake.

"Umempata," alisema. Hakuwa anauliza.

Yasmina alipiga magoti akamwambia yote, hakuficha hata neno: kijiwe, ukuta, maneno ya baba, simu ya Hakizimana, na jibu alilolitoa. "Ni mimi, mama. Baba aliomba miaka miwili nikamcheka. Halafu nikasema mimi mwenyewe wachimbe. Nisamehe."

Bi Gahongayire aliendelea kushika kikombe. Chai ilipoa.

"Mukandekezi," alisema mwishoni. "Alitamani mtoto mpaka akazeeka. Alikwenda kwa waganga wa kila aina, maskini, tukimcheka." Akaweka kikombe chini polepole. "Basi amepata mtoto wa kumlea. Msimsumbue."

Halafu akageukia ukuta, akalia. Hakulia hivyo siku ya kifo cha mumewe. Alilia kwa sauti, mwili wote ukitikisika, na Yasmina alimshika mgongo.

Alipotulia aliuliza, bado ametazama ukutani, "Kutoka pale mpaka kwa baba yako ni hatua ngapi?"

"Sijui, mama. Sikuhesabu."

"Nenda kahesabu."

Yasmina akapanda tena, manyunyu yameanza. Alisimama kwenye kijiwe, akashuka njia ya makaburi mpaka bondeni, akihesabu kwa midomo. Alipofika kwa baba yake alirudi akahesabu tena asije akakosea, maana alikuwa ameshakosea ya kutosha.

"Mia mbili na kumi na mbili," alimwambia mama yake.

Bi Gahongayire alifikiri. "Nilazeni kwa baba yako," alisema. "Si mbali." Akafumba macho. "Ila kwa mtoto wa miezi minne ni mbali."

Kazi moja ilikuwa imebaki, na Mzee Hakizimana alikuwa ameshapiga simu kuikumbusha: daftari limefunguka, marehemu wa Aprili aandikwe. Yasmina alikaa tena mezani. Akachagua safu ya kumi na nne, kaburi la kumi, akaandika jina la Mukandekezi juu ya maneno yale. Programu haikukubali mara moja. Baba yake alikuwa mtu wa hadhari, aliiandika iulize kwanza.

*Mahali hapa pana mwenyewe. Una hakika? N ndiyo, H hapana.*

Yasmina alilitazama swali hilo mpaka mama yake akalala. Kisha akabonyeza N.