Fomu Tatu za Bi Vojka

Bi Vojka Hribar alikuwa na wanafunzi watatu tu, na hakutaka zaidi. Aliwafundisha kujenga kuta za mawe matupu, bila tone la saruji, katika chuo kikuu kidogo cha Slovenia. Jumatano wakaguzi wa ubora walikuwa wanakuja. Kozi isiyo na ushahidi kwamba wanafunzi wake wanaridhika, inafungwa.

"Ushahidi ninao," alimwambia Zdenko wa ofisi ya ubora. "Wote watatu wamejaza fomu za maoni kuhusu kozi. Zimo humo kwenye droo yako."

"Zimo, Bi Vojka. Ila siruhusiwi kuzifungua."

"Kwani zina nyuki?"

"Fomu zikiwa chini ya tano hazisomwi. Mwalimu asije akajua nani kaandika nini."

"Lakini wenyewe wanataka nijue! Wameniambia usoni, tukinywa supu!"

"Supu si ushahidi."

"Basi waandike barua, waweke majina."

"Yenye majina haihesabiwi. Huenda mwanafunzi kaandika kwa kuogopa."

"Aniogope mimi? Tilen huniita mbuzi mzee mbele ya wenzake darasani!"

"Hilo usiwaambie wakaguzi."

Jumatano wakaja wakaguzi wanne, kila mmoja na nchi yake. Mkuu wao, Mfini mrefu, aliupiga teke ukuta wa wanafunzi, ukuta ukakaa kimya, yeye akachechemea. Kisha wakajifungia na wale watatu nusu saa, huku Bi Vojka akitafuna kucha kwenye korido.

Barua ya wakaguzi ilifika baada ya mwezi. Kozi iendelee. Uzuri wake mkubwa ni uchache wa wanafunzi, kwa hiyo wasizidi wanne. Na kila mwaka chuo kilete matokeo ya fomu zao. Yakikosekana, kozi isimame.

Bi Vojka aliisoma mara mbili, akapanda ngazi mbio.

"Hongera," alisema Zdenko.

"Hongera ya nini, we kijana? Wasizidi wanne, fomu zisipungue tano! Mtu wa tano nimchonge kwa jiwe?"

Zdenko alikuna kichwa. "Ipo fomu ya kupinga masharti. Inataka sahihi za walimu watatu wa kozi."

"Kozi ina mwalimu mmoja. Mimi."

"Ndiyo maana haijawahi kujazwa."

Bi Vojka aliufunga mlango, akavuta kiti mpaka kikagusa meza ya Zdenko, akaketi.

"Mpigie simu aliyeitunga fomu hiyo," alisema. "Mimi sina haraka. Ukuta mmoja hunichukua miezi minne."