Feni ya Hema la Uyoga

Tereza alishampa mumewe siku: mwisho Jumapili. Ama feni ile inyamaze, ama yeye ahamie kwa binti yao Gladness huko Buswelu, na safari hii hataondoka na kimkoba cha siku mbili.

Chanzo cha yote kilikuwa uyoga. Mzee Luhaga alistaafu miaka minne iliyopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimama katikati ya mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kukaa bure kulimshinda tangu wiki ya kwanza. Alifuga kuku, kideri kikawamaliza. Akafuga nyuki, majirani wakampeleka kwa mjumbe. Ndipo akaingia kwenye uyoga, na uyoga, kwa bahati, hauumi mtu. Alishona hema dogo la turubai lenye zipu, akalisimamisha ndani ya nyumba, chumba kinachopakana na chumba chao cha kulala, maana nje jua la Butimba likishapiga mawe yaliyoizunguka nyumba hakuna uyoga unaopona. Uyoga unataka giza, unyevu na hewa safi. Ukikosa hewa unarefuka shingo na kubaki na kofia ndogo kama misumari, na misumari haina mnunuzi. Kwa hiyo feni ya kutoa hewa chafu ilikuwa lazima, usiku na mchana.

Feni ya kwanza ilinguruma. Luhaga mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa na kasauti. Ya pili alisema haina sauti kabisa, na Tereza akamwambia kama ile haina sauti, basi hata mashine ya kusaga pale njia panda haina.

"Mama Gladness, wewe unatafuta tu sababu," alisema Luhaga.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alijibu Tereza, akaenda zake jikoni.

Ijumaa asubuhi Luhaga akashuka mjini, dukani kwa Moza, binti aliyerithi duka la vifaa vya umeme kwa baba yake na anayemjua kila fundi wa Mwanza kwa jina.

"Shikamoo, mzee. Umerudi tena?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka feni ya kimya. Kimya cha kweli."

Moza akawasha tatu juu ya kaunta. Luhaga hakuinama kuzisikiliza. Kiwandani hakuna aliyesikiliza mashine. Nani angeisikia moja kati ya kumi na mbili? Fundi aliyeiva aliweka kiganja kwenye bodi ya mashine, akafumba macho, akajua beringi ipi imeanza kuchoka. Basi akaweka kiganja kwenye feni ya kwanza: inatetemeka. Ya pili: inatetemeka kidogo. Ya tatu, nyembamba, ilitulia mkononi kama yai.

"Hii," akasema.

Moza alikuwa amempa mgongo, anashusha boksi kwenye rafu. "Hiyo ni imara, mzee wangu, ila ina mluzi. Afadhali hii kubwa."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Luhaga, akalipia ile nyembamba. Moza akashangaa kidogo, akamfungia. Mwanamume wa miaka sitini na nne akishaamua kuwa yuko sahihi, mwache alipe.

Nyumbani aliifunga kwa mikono yake, akaiwasha, akasimama pembeni akisubiri kusifiwa. Tereza akaja mlangoni. Hakusifu. Aliziba masikio.

"Inapiga mluzi!"

"Mluzi gani?"

Hapo paka, aliyekuwa amelala kwenye mkeka tangu asubuhi, akainuka, akalaza masikio yake nyuma, akatoka nje. Tereza alikuwa na kisa na feni. Paka hakuwa na kisa na mtu. Luhaga akasogeza sikio mpaka pua ikakaribia kugusa wavu. Akasikia upepo shavuni. Akazima, akawasha tena, akitazama mapanga yanavyoanza kuzunguka, akingoja sauti ije nayo. Haikuja. Akaingiwa na woga, woga wa kweli, ambao hakuwa nao hata siku mkanda wa mashine ulipokatika karibu na kichwa chake.

Alipotoka pale, alimkuta Tereza chumbani, begi kubwa liko kitandani, anakunja vitenge. Mabega yake yalikuwa yanacheza kama ya mtu anayesema maneno mengi, naye ameelekea begi. Luhaga alitaka kusema kwamba feni ni nzima na paka ana wazimu. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini akaona kitenge cha harusi ya Gladness kinaingia begini, na mtu hachukui kitenge cha harusi akienda kukaa siku mbili.

Akamshika bega. "Nigeukie, Mama Gladness. Ukinipa mgongo sikusikii."

Tereza akageuka. "Nini?"

"Huo mluzi sijausikia. Hata ile feni ya pili sikuisikia. Mtu nikimtazama mdomo namwelewa, kiwandani tulizungumza hivyo hivyo. Asiponitazama najibu ndiyo, ndiyo. Nilikuwa naona aibu. Tena nilikuwa najidanganya mwenyewe."

Tereza akamzunguka mumewe, akasimama nyuma yake. Luhaga akabaki anatazama ukuta, hajui kama kuna neno limesemwa au la. Mkewe aliporudi mbele yake, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimekuita mara tatu," alisema. "Miaka minne, Baba Gladness! Miaka minne nasema, wewe kimya. Nilidhani umenichoka. Nilidhani umerudi nyumbani ukaniona sina maana."

"Nikuchoke wewe?" Luhaga alishtuka kweli. "Mimi nilidhani umekuwa mpole."

Hapo Tereza akacheka, akacheka huku analia, mpaka akakalia begi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mpole, hata padri.

Jumamosi walishuka mjini wote wawili. Tereza aliingia dukani kama mkaguzi. Akamwamuru Moza afunge mlango wa barabarani na kuzima redio, akavuta kigoda, akafumba macho.

"Washa."

Zilipita feni tano. Hii inakwaruza. Hii inalia kama mbu. Hii hapana. Mwishowe Moza akaleta ile kubwa aliyoisema jana, akaizungusha polepole kwa swichi ya kupunguza mwendo, akaeleza kwamba feni kubwa inayokwenda taratibu hutoa hewa ile ile bila kujisumbua. Tereza akasikiliza muda mrefu.

"Mbona hujawasha?"

"Imewaka, mama."

Luhaga akaweka kiganja chake. "Inatetemeka kwa mbali," akasema. "Tukiikaza kwenye ukuta, ukuta utaimba. Tutaining'iniza kwa mpira wa ndani wa baiskeli." Moza akamtazama kwa heshima, na Tereza akamtazama vilevile, ingawa yeye alijitahidi kuficha.

Saa kumi feni ilikuwa inaning'inia kwenye mipira yake juu ya hema, na paka amerudi kwenye mkeka. Vitenge vilikuwa vimerudi kabatini. Tereza akavuta kiti, akakiweka mbele ya mumewe, uso kwa uso, karibu kabisa, akanyoosha mgongo kama mtu mwenye kazi ndefu.

"Sasa kaa hapo unitazame. Nina maneno ya miaka minne."

"Yote?"

"Yote. Siku uliyostaafu nilikuwa jikoni nageuza ugali. Nikakwambia, namshukuru Mungu umerudi mzima, sasa nimepata mtu wa kuzeeka naye. Hukujibu. Nikapakua chakula."

Luhaga alikuwa ameuona mdomo wake vizuri, kila neno.

"Sema tena," akamwambia.

Tereza akasema tena.